Felix Wankel, mtu wa moteri isiyo na pistoni

Moteri ya kamio, moteri ya motokari, moteri ya ile grupu inayowashwa umeme ukikatika, zote zinafanya kazi kwa namna moja. Pistoni inapanda, inashuka, inapanda tena. Mara elfu kwa dakika inapashwa kusimama juu, kurudi, kusimama chini, kurudi. Fundi yeyote wa Likasi au Kolwezi anajua nguvu inayopotea pale, na anajua vyombo vinavyochoka juu ya kwenda na kurudi kule: viela, valvu, resori, buloni. Mjerumani mmoja, aliyeitwa Felix Wankel, alitumia karibu maisha yake yote kutafuta moteri ambayo ndani yake hakuna kitu cha kurudi nyuma, kila kitu kinazunguka tu. Aliipata. Leo jina lake limekuwa jina la ile moteri, na watu wanaojenga ndeke zao wenyewe nyumbani wangali wanaipenda. Lakini maisha ya huyu mtu si ya kusifu tu, na hatutaficha upande wa pili.

Wankel alizaliwa tarehe 13 Agosti 1902 katika mji mdogo wa Lahr, karibu na ule msitu mkubwa wanaouita Msitu Mweusi. Baba yake, Rudolf, alikuwa mtu wa serikali aliyesimamia misitu. Vita ya kwanza ilipoanza mwaka wa 1914 baba akaenda, akafa huko mwanzoni kabisa. Mtoto alikuwa na miaka 12, wala hakuwa na ndugu. Mama akahama naye mpaka Heidelberg. Kusoma alisoma, lakini mwaka wa 1921 aliacha masomo pasipo diploma ya mwisho. Hakuingia universite. Hakujifunza ufundi kwa bwana yeyote. Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika nyumba ya kuchapisha na kuuza vitabu, na kazi hiyo ilimwishia mwaka wa 1926.

Tena macho yake yalikuwa mabaya sana, hakuona mbali. Juu ya macho hayo hakupata permi ya kuendesha motokari hata siku moja mpaka kufa kwake. Fikirini jambo hili: mtu ambaye moteri yake ilikimbia katika motokari za mbio hakuweza kushika usukani barabarani.

Wanasimulia kwamba alipokuwa kijana wa miaka 17 aliota ndoto. Aliona anaendesha motokari aliyoitengeneza mwenyewe, na ndani yake moteri ya namna mpya, nusu turbini, nusu ya pistoni. Ndoto ni ndoto, lakini yeye aliishika. Mwaka wa 1924 yeye na rafiki zake wakafungua ateliye ndogo katika kibanda cha nyuma ya nyumba pale Heidelberg. Kule alianza kuchora na kukata vyuma. Mwaka wa 1929 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa kwanza juu ya mashini ya kuzunguka.

Yeye hakuwa wa kwanza kufikiri hivyo. Tangu siku za James Watt na mashini ya mvuke, watu wengi walijaribu kutengeneza moteri ya kuzunguka, na karibu wote walishindwa mahali pamoja, nako ni kuziba. Ukilipua mafuta ndani ya chumba, ile nguvu inatafuta tundu la kutokea. Katika pistoni kazi ya kuziba ni nyepesi, sababu pistoni ni ya mviringo na segmenti zake ni za mviringo pia. Katika chumba chenye pembe, pembe ndizo zinazovuja. Wankel alielewa mapema kuliko wengine kwamba shida si umbo peke yake. Shida ni ule mstari mwembamba ambapo chuma kinasugua chuma. Akakaa miaka na miaka juu ya jambo lile moja: kuziba. Njo maana yeye alifika mahali ambapo wenye diploma walikata tamaa.

Sasa upande mwingine. Tangu mwanzo wa miaka ya 1920 Wankel alijiunga na vikundi vilivyowachukia Wayahudi, na mwaka wa 1922 akaingia chama cha Hitler. Hakusukumwa na mtu. Wakati ule chama kile kilikuwa bado kidogo, hakikuwa na kazi ya kumpa wala cheo cha maana. Alipanda mpaka akasimamia vijana wa Hitler katika jimbo la Baden. Kisha akagombana na mkubwa wa chama kule, Robert Wagner, akimshitaki kwamba anakula makuta ya chama. Mwaka wa 1932 wakamfukuza. Hitler alipotawala mwaka wa 1933, Wagner akawa na polisi mkononi, na Wankel akatupwa kifungoni mule mule Lahr alimozaliwa. Alitoka miezi kadhaa baadaye, kwa sababu watu waliokuwa karibu na Hitler walimsemea.

Kifungo kile hakikumgeuza. Alitoka akaendelea kufanya kazi kwa ile serikali. Mwaka wa 1934 alikuwa BMW. Mwaka wa 1936 wizara ya ndeke ikampa ateliye nzima katika mji wa Lindau, kando ya ziwa Bodensee. Kule alitengeneza valvu za kuzunguka kwa moteri za ndeke za vita. Mwaka wa 1940 akaingia SS kwa cheo cha juu, na mwaka wa 1942 akafukuzwa humo pia. Wengine wanapenda kusema alikuwa fundi tu, kichwa chake kilikuwa ndani ya vyuma. Mimi siwezi kukubali hivyo. Fundi ana macho ya kuona nani anamlipa na kazi inatumika wapi, na huyu alikwisha kuchagua upande wake wakati hakuna aliyemlazimisha.

Vita ilipoisha mwaka wa 1945 waaskari wa Ufaransa walifika Lindau. Wakabomoa ateliye, wakachukua mashini na michoro, wakamfunga mpaka mwaka wa 1946. Alitoka akiwa na miaka 44, hana chombo wala kazi, na sheria ya washindi ilikataza Wajerumani kuendelea na utafiti wa namna yake. Akaanza tena nyumbani, kidogo kidogo.

Bahati yake ilirudi mwaka wa 1951, alipopatana na NSU, kampuni ya pikipiki ya Neckarsulm. Kwanza aliwapa pompe ya kuzunguka ya kusukuma hewa ndani ya moteri. Mwaka wa 1956 wakaifunga katika pikipiki ya NSU yenye moteri ndogo kabisa, ya cc 50, ndogo kuliko moteri za pikipiki zote mnazoziona mbele ya soko. Ikakimbia karibu km 200 kwa saa juu ya uwanja wa chumvi wa Bonneville, Marekani. Wakubwa wa NSU wakafungua mfuko.

Mwaka wa 1954 Wankel alikwisha kupata lile umbo alilolitafuta tangu ujana. Chukueni pembe tatu yenye mbavu zilizotuna kidogo. Iwekeni ndani ya chumba chenye sura ya namba 8 nene, iliyobonyea kidogo tu katikati. Pembe tatu ikizunguka, ncha zake zote tatu zinagusa ukuta wakati wote, na kati ya kila ubavu na ukuta kuna chumba kinachopanuka na kubanwa. Kupanuka kunavuta hewa na mafuta, kubanwa kunakaza, buji inawasha, moto unasukuma, moshi unatoka. Kazi nne zile zile za moteri ya kawaida, lakini hakuna valvu wala viela. Pembe tatu inapozunguka mara moja, shafti ya katikati inazunguka mara tatu.

Tarehe 1 Februari 1957 moteri ya kwanza iliwaka Neckarsulm. Katika ile ya Wankel, pembe tatu ilizunguka na chumba pia kilizunguka. Ilikuwa laini ajabu, ilikimbia sana, lakini ukitaka kubadili buji unapashwa kuifungua yote. Mwinjinieri mwingine wa NSU, Hanns Dieter Paschke, akaigeuza: chumba kisimame, pembe tatu peke yake izunguke, tena kwa kuyumba. Alifanya vile Wankel asijue. Wankel alipoona alikasirika sana. Kwake farasi wa mbio alikuwa amefanywa farasi wa kulima. Kumbe ile ya Paschke ndiyo iliyoweza kutengenezwa kwa wingi, na ndiyo inayozunguka duniani mpaka leo. Jina lilibaki la Wankel. Paschke wachache wanamjua.

Kampuni kubwa zikaja kununua ruhusa: Curtiss-Wright ya Marekani mwaka wa 1958, kisha Daimler-Benz, Rolls-Royce, Citroën, na kiwanda kimoja cha Hiroshima, Japani, kinachotengeneza Mazda. Wote waliona moteri ndogo, nyepesi, isiyotetemeka. Hawakuona bado ugonjwa uliokuwa ndani.

Ugonjwa ulikuwa ule ule wa zamani, wa kuziba. Katika kila ncha ya pembe tatu kuna mfereji mwembamba, na ndani yake segmenti moja nyembamba inayosukumwa na resori ili iguse ukuta. Baada ya saa nyingi za kazi, ukuta wa ndani ulionekana umechorwa mistari mistari, sawa ubao wa kufulia nguo. Kwa nini? Shikeni chaki, muisukume juu ya ubao wa darasa ikiwa imesimama. Inalia na kurukaruka, inaacha alama za vitone. Segmenti ilifanya vile: ilitetemeka, ikapiga ukuta, ikauchimba. Pale Hiroshima waliziita kucha za shetani. Vijana wainjinieri 47, chini ya Kenichi Yamamoto, walikaa miaka wakitafuta dawa. Walijaribu vitu vya kila namna. Waligundua kwamba ukitoboa matundu ndani ya segmenti mtetemeko wake unabadilika na alama zinakwisha. Kisha wakatengeneza segmenti ya kaboni iliyochanganywa na aluminiumu. Mwaka wa 1967 Mazda Cosmo ikauzwa.

Mwaka ule ule NSU ikatoa Ro 80, motokari nzuri sana, iliyopata tuzo la motokari ya mwaka. Lakini NSU walikuwa wameharakisha. Segmenti ziliisha mapema, moteri zikafa, na kampuni ikapashwa kutoa moteri mpya bule kwa kila mwenye kulalamika. Wanasimulia kwamba wenye Ro 80 wakikutana barabarani walionyeshana vidole: viwili, vitatu, hesabu ya moteri walizokwisha kubadilishiwa. Ni kichekesho kwa mwenye motokari. Kwa wafanyakazi wa Neckarsulm haikuwa kichekesho. Mwaka wa 1969 kampuni yao ikamezwa na Volkswagen na kuunganishwa na Audi. Citroën nayo ilitoa GS Birotor mwaka wa 1973, ikauza chache, kisha ikaomba wanunuzi wazirudishe ili zivunjwe. Bei ya petroli ilikuwa imepanda mwaka ule, na ile moteri inakunywa sana.

Sasa tuingie kwa watu wa ndeke, maana huko ndiko ugonjwa huu unatafutwa kwa uangalifu zaidi. Motokari ikizima, unashuka unaisukuma. Ndeke haisukumwi.

Katika Marekani, Ufaransa na inchi nyingine sheria inaruhusu mtu kujenga ndeke yake mwenyewe nyumbani. Wengi wao hawana makuta ya moteri ya ndeke ya kiwandani. Wanachukua moteri ya Mazda, ile yenye pembe tatu mbili inayoitwa 13B, wanaifunga mbele pamoja na giya ya kupunguza mwendo, sababu inazunguka upesi kuliko panga la ndeke linavyoweza kuvumilia. Wanaipenda kwa sababu moja kubwa: mara nyingi ikiumia, haikwami ghafula kama ya pistoni inayovunja viela. Inapoteza nguvu lakini inaendelea kuzunguka, na mwenyewe anapata muda wa kutafuta uwanja.

Basi inapopoteza nguvu, fundi anafanya nini? Kwanza haifungui. Anaangalia buji, mafuta, hewa, waya. Kisha anapima mkazo. Hapa wenye kuzoea pistoni wanakosea: kipimo cha kawaida kinashika sindano juu, kinaonyesha ubavu mmoja tu, ule wenye nguvu kuliko wote, na mgonjwa anaonekana mzima. Inapashwa kutoa ile valvu ndogo ya kipimo, ili sindano iruke na kushuka. Moteri ikizungushwa, sindano itaruka mara tatu kwa kila pembe tatu. Ikiruka sawasawa, vizuri. Ruko moja likiwa dhaifu peke yake, mara nyingi ni segmenti ya ubavu, sababu ile inalinda chumba kimoja. Maruko mawili yanayofuatana yakiwa dhaifu, ni segmenti ya ncha iliyo katikati yao, maana ncha moja inalinda vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma. Kwa sindano tu, kabla ya kugusa funguo, fundi amekwisha kujua mahali pa kutafuta.

Kama maji ya radiateri yanapungua, na mapovu yanatoka, na moshi mweupe asubuhi, ni ule mpira unaozunguka chumba. Umepikwa. Moteri ilichemka siku moja, na mwenye ndeke pengine hakuona au hakutaka kusema.

Kuifungua ni kazi ya mpango. Ile moteri imepangwa sawa sahani juu ya sahani: bamba, chumba, bamba la kati, chumba, bamba la mwisho, na buloni ndefu zinapita katikati ya zote. Kila segmenti inayotoka inaandikwa ilikotoka, ncha gani, upande gani, sababu kila moja imekwisha kuzoea mahali pake. Ukiibadilisha mahali umeharibu. Segmenti inasema kisa chake. Ikiwa imelika polepole na kubaki nzima, mafuta ya kulainisha yalikuwa kidogo. Moteri hii inaunguza oili kidogo pamoja na petroli, na wengine wa ndeke wanaichanganya ndani ya tanki kabisa. Ikiwa imevunjika vipande, usilaumu segmenti. Moto uliwaka kabla ya saa yake: petroli dhaifu, au hewa nyingi kuliko mafuta, au buji zinawasha mapema. Ukiweka segmenti mpya pasipo kurekebisha jambo hilo, utaifungua tena mwezi ujao, kama utakuwa na bahati ya kuifungua.

Kisha anatazama ukuta. Kromu ikiwa imebanduka karibu na buji, au zile kucha zikionekana, chumba kinatupwa. Segmenti za ubavu mpya zinapunguzwa kwa tupa polepole mpaka nafasi ya mwisho wake iwe nyembamba kama karatasi. Resori zinabadilishwa zote, mipira yote mipya, buloni zinakazwa kwa duru, kidogo kidogo, si moja mpaka mwisho. Na ndeke haipandi siku ile. Imefungwa chini kwa kamba, moteri inazunguka saa nyingi, inapimwa tena, inapimwa tena. Wana migodi wanaoshughulika na kompresere wataelewa: mashini iliyotoka ateliye si mashini iliyopona.

Wankel mwenyewe hakuendelea kuhangaika na motokari. Mwaka wa 1971 aliuza sehemu yake, na aliyenunua alikuwa Lonrho, ile kampuni ya Tiny Rowland. Wazee wetu wa Katanga wenye ndugu ng'ambo ya mpaka wanajua jina hilo. Ilianzishwa mwaka wa 1909 kwa migodi na mashamba ya Rhodesia. Hivi sehemu ya moteri ya Mjerumani ililipwa na kampuni ya migodi ya Afrika, na yule mwana wa Lahr aliyeacha masomo akawa tajiri. Universite ya ufundi ya Munich ilikwisha kumpa udaktari wa heshima mwaka wa 1969. Serikali mpya ya Ujerumani ikampa nishani. Watu walisema kidogo sana juu ya miaka ya Lindau.

Uzeeni alijenga mashua za kukimbia juu ya maji, akatoa makuta yake kulinda wanyama ili wasiteswe katika majaribio. Hakuzaa watoto. Alikufa tarehe 9 Oktoba 1988 katika Heidelberg, mji wa kile kibanda cha kwanza.

Hakuona mwezi wa Juni 1991. Mwaka ule Mazda walileta Le Mans, Ufaransa, motokari yenye pembe tatu nne, segmenti zake za ncha zikiwa za seramiki. Ilikimbia saa 24, usiku na mchana, ikawapita Wajerumani wa Mercedes na Waingereza wa Jaguar. Baadaye mafundi waliifungua moteri ile kuangalia ndani. Ilikuwa bado nzima.